Mdalasini au njegere za maganda? Kuchagua, kupanda na kuvuna ukiwa Moshi au Arusha

Wifi yangu wa Sakina, Arusha, alibomoa banda la kuku nyuma ya jiko akabaki na kipande cha ardhi, hatua sita kwa nne. Akakipiga picha, akanitumia, na chini yake sauti: "Wifi, hapa niweke mdalasini au zile njegere za kula na ganda lake? Kwako nimekula vyote na vyote nimevipenda." Nilicheka peke yangu. Ni sawa na mtu kuuliza anunue ndama au trei ya mayai. Lakini nilipotulia nikaona hakukosea kuuliza. Ardhi ni moja, mpira wa maji ni mmoja, na wa kumwagilia ni yeye mwenyewe akitoka kazini.

Nilimjibu kwa sauti nyingi mpaka akaniomba niandike, maana kila akitaka kusikia habari ya mbolea anaangukia habari ya fito. Basi nimeandika.

Tofauti kubwa ya hivi viwili ni namna vinavyokudai. Njegere zinakutaka kila siku kwa miezi mitatu, kisha mmemalizana. Mdalasini unakutaka siku chache sana, lakini siku hizo zimetawanyika ndani ya miaka minne, na ukiikosa moja unasubiri mvua nyingine. Soma huku ukijiuliza wewe unaweza deni la namna gani.

Tusije tukapanda kitu kingine

Ukienda Mbuyuni hapa Moshi au Soko Kuu la Arusha, mara nyingi utauziwa vipande vya gome vizito, vigumu kama ubao, vimejikunja mkunjo mmoja tu. Mara nyingi hiyo ni kasia, ndugu yake mdalasini, asili yake China na nchi jirani. Mimi nasema ule wa asili ya Sri Lanka, Cinnamomum verum, unaolimwa Zanzibar, Muheza na kwenye milima ya Uluguru. Gome lake ni jembamba kama karatasi ya kaki, linajikunja tabaka ndani ya tabaka, na ukilibana kwa vidole linavunjika. Kasia ina kumarini nyingi, kitu ambacho kikiliwa kwa wingi na kwa muda mrefu kinaweza kuliumiza ini; huu wa Sri Lanka unayo kidogo mno. Kwa nyumba inayotia mdalasini kwenye chai asubuhi na jioni, hilo ni la kuangalia.

Njegere nazo zina koo zake. Hizi si zile tunazopukuchua na kuunga kwa nazi. Ganda la zile halitafuniki. Wala si zile bapa, ambazo ganda linaliwa kabla punje hazijajaa. Hizi zina ganda nene lenye maji, punje zimejaa ndani, na vyote vinaliwa. Aliyezitengeneza ni Calvin Lamborn wa Idaho, Marekani, kwa kuchanganya njegere bapa na njegere nyingine yenye ganda nene. Aina yake, Sugar Snap, ilitoka mwaka 1979. Kwa hesabu hiyo mimi ni mkubwa wake. Arusha watu wengi walizijua kwa kuzichambua na kuzipaki kwenye mashamba ya kuuza nje, muda mrefu kabla hawajaziweka kwenye sahani zao.

Hatua ya 1: Jua unakaa mita ngapi

Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini ni kati ya 800 na 900. Umbali wa kama saa mbili kwa basi, lakini kwa mmea ni kama nchi mbili.

Njegere ni mmea wa baridi. Zinafurahi joto likiwa kati ya nyuzi 13 na 20. Likipita 27 hivi maua yanaanza kudondoka, na ganda linalofunga linakuwa gumu mapema. Mdalasini ni mtu wa pwani: unataka nyuzi 20 hadi 30 na mvua ya kutosha, milimita 1,500 kwa mwaka na zaidi.

Kwa haraka haraka utasema, basi njegere Arusha, mdalasini Moshi, tumemaliza. Karibu iwe kweli. Lakini tazama Amani, kule Muheza. Amani iko kwenye mita 900 hivi, sawa kabisa na Moshi, na midalasini yake ni ya kujivunia. Tofauti ni kwamba Amani inapata mvua karibu mara mbili ya tunayopata Moshi mjini. Joto tunalo. Tulichopungukiwa ni maji. Kwa hiyo mdalasini wa Moshi uweke pale mfereji unapopita, au pale maji ya kusuuzia vyombo na nguo yanapomwagwa (ya kusuuzia, siyo yale mazito ya sabuni). Wangu uko hatua tatu kutoka kwenye karo, na ndiyo sababu uko hai.

Ukipanda mlimani, Kibosho au Marangu, mvua inaongezeka lakini baridi nayo inaongezeka. Mti utaota, ila kwa mwendo wa kobe. Arusha hali ni hiyo hiyo: Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na mdalasini husimama tu, hauendi mbele wala kurudi nyuma. Ongeza mwaka au zaidi kwenye kila muda nitakaoutaja huko chini.

Kalenda ya njegere ni rahisi kuikumbuka. Arusha panda kuanzia katikati ya Mei, masika yakielekea kuisha, hadi mwanzoni mwa Julai. Moshi mjini mlango ni mwembamba: wiki mbili za kwanza za Juni, basi. Niliwahi kujaribu Januari kwa sababu mbegu zilikuwa zimebaki. Zikaota vizuri, zikapanda, zikatoa maua meupe ya kupendeza, na sikuchuma hata ganda la kuonja.

Hatua ya 2: Chimba shimo la kupimia

Jioni chimba shimo la kina cha mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwaga ndoo ya maji, iache izame, kisha mwaga ya pili. Asubuhi kama bado kuna maji, usipande chochote kati ya hivi viwili hapo. Njegere zitaoza shingo, na mdalasini mizizi yake itakufa taratibu huku wewe ukidhani una kiu, unaongeza maji, unauua vizuri zaidi. Tengeneza tuta lililoinuka, au hama.

Ulizia na historia ya mahali. Mdalasini na mparachichi ni ukoo mmoja. Kile kimelea kinachoozesha mizizi ya maparachichi kinaitwa Phytophthora cinnamomi, na jina hilo la pili kimelipata kwa mdalasini wenyewe, kwa sababu mwaka 1922 kilielezwa mara ya kwanza kutoka kwenye midalasini ya Sumatra. Sasa huku kwetu, ambako kila mwenye robo eka amepanda maparachichi ya kisasa, hili si la kusoma na kupita. Kama pale unapotaka kupanda palikuwa na mparachichi uliokauka kuanzia ncha za matawi kushuka chini, usiweke mdalasini hapo.

Kwa njegere, swali ni moja: msimu uliopita palikuwa na nini? Kama ni maharage, hama, na usirudi na njegere hapo hapo kabla ya miaka mitatu. Magonjwa ya mizizi ya jamii hii hayabagui.

Na wifi, kile kipande chako kilikuwa banda la kuku. Samadi ya kuku ina naitrojeni kali. Ukipanda njegere leo utapata majani ya kijani kibichi kama ya kuchora, marefu kukupita, na maganda ya kuhesabu kwa vidole. Kwangua udongo wa juu uugawe kwenye migomba, kisha panda mnafu au sukuma msimu mmoja vinyonye shibe hiyo. Njegere zifuate.

Hatua ya 3: Pata mche wa mdalasini, usihangaike na mbegu kavu

Hapa ndipo pesa inapotea. Mimi nilinunua pakiti ya mbegu za mdalasini kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwa viapo. Mbegu ishirini, nyeusi, kavu, zinang'aa. Nikazipanda kwenye viriba ishirini, nikazimwagilia wiki saba. Yakaota majani ya ng'ombe na mche mmoja wa nyanya.

Kumbe mbegu ya mdalasini haisubiri. Tunda likiiva (ni dogo, jeusi lenye zambarau) mbegu yake inatakiwa iingie udongoni ndani ya siku chache, ikiwa bado na unyevu. Ikikauka imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Ikiwahiwa inaota ndani ya wiki mbili hadi tatu. Mbegu ya njegere ni kinyume chake kabisa: iweke kwenye chupa kavu iliyofungwa, miaka miwili au mitatu baadaye bado inaota.

Kwa hiyo tafuta mche. Ulizia kwenye vitalu vya miche Tengeru na Moshi, au mwagize mtu anayetoka Muheza. Kabla ya kulipa, chukua jani moja, lisugue kati ya vidole, unuse. Jani la mdalasini halinuki mdalasini. Linanukia karafuu, kwa sababu mafuta yaliyo kwenye jani ni yale yale yaliyo kwenye karafuu. Harufu ya mdalasini tuijuayo imekaa kwenye gome. Mzizi nao ukiukwaruza unanuka kafuri. Mti mmoja, harufu tatu. Basi ukisugua jani likanuka majani tu, rudisha kiriba chini, mwambie mwenye kitalu asante. Angalia pia mishipa ya jani: mitatu mikubwa inatoka karibu na kikonyo na kwenda sambamba kuelekea nchani. Na majani machanga kabisa ni mekundu. Usidhani ni ugonjwa, kama alivyodhani mama mmoja jirani yangu akayachuma yote.

Chagua mche wa urefu wa shubiri mbili hivi, usiwe umekaa kwenye kiriba mpaka mizizi imejizungusha chini.

Hatua ya 4: Uweke mdalasini ardhini

Panda mwanzoni mwa masika, Machi au Aprili, ili mvua ikufanyie kazi. Shimo la sentimita 50 kila upande. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri au mboji. Chana kiriba, usiuvunje udongo wa mche, panda usawa ule ule ulipokuwa, shindilia kwa kiganja. Ukiweka zaidi ya mmoja, acha mita mbili kati yao.

Mche mchanga unapenda kivuli chepesi, na hapa kihamba, shamba letu la migomba kuzunguka nyumba, kinakusaidia kuliko kitabu chochote: upande wa mashariki wa mgomba, mahali ambapo jua la asubuhi linafika na la saa nane linapenya kidogo kidogo tu. Baada ya mwaka mmoja na nusu upunguzie kivuli kwa kukata majani ya mgomba.

Kitu kimoja usifanye: jivu. Sisi jivu tunalimwaga kila mahali, kwenye migomba, kwenye mboga, hata chooni. Mdalasini unapenda udongo wenye uchachu, na jivu linauondoa uchachu huo. Jivu lako peleka kwenye njegere, kiasi cha kopo moja kwa hatua mbili za tuta. Zenyewe zinapenda udongo usio mchachu. Ndiyo sababu nyingine ya kutovipanda hivi viwili kwenye shimo moja, hata kama mtu atakwambia njegere zinarutubisha udongo. Ni kweli zinarutubisha, lakini wacha zirutubishe kwa umbali wa hatua mbili, juani.

Weka matandazo ya majani makavu ya mgomba, yasiguse shina. Mwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki kiangazi chote cha mwaka wa kwanza na wa pili. Chunguza mchwa kwenye matandazo. Mengine hayana hadithi.

Hatua ya 5: Panda njegere

Nunua mbegu kwenye duka la pembejeo, pakiti yenye tarehe, na soma kama ni aina ndefu au fupi. Sugar Snap ile ya asili inafika mita 1.8, hata 2. Zipo fupi zinazoishia usawa wa goti; hizo zinawafaa wenye ndoo na viroba barazani.

Lima kina cha jembe moja, vunja mabonge, changanya jivu na mboji kidogo. Usiweke urea. Njegere inajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Ukitaka kuona, baada ya wiki sita ng'oa mche mmoja taratibu, osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kazi inaendelea. Watoto wangu walipoonyeshwa walitaka kung'oa yote wahakikishe.

Chora mifereji miwili midogo iliyo sambamba, shubiri moja kati yake. Fito zitakaa katikati. Dondosha mbegu moja kila upana wa vidole vitatu, kina cha kifundo kimoja cha kidole. Funika, bonyeza, mwagilia mara moja ulowe vizuri, kisha usimwagilie tena mpaka uone udongo wa juu umekauka. Mbegu ya njegere ikikaa kwenye tope inaoza kabla haijafikiria kuota. Kuloweka usiku mzima siku moja kabla kunaruhusiwa. Kuloweka siku mbili ni kuzipika.

Siku ya saba hadi ya kumi utaona vichwa vilivyoinama. Siku hizo ndizo za kuamka mapema, maana ndege na kuku wa jirani wanajua kuliko wewe. Tandaza matawi makavu yenye miiba juu ya tuta kwa wiki mbili. Asubuhi ukikuta mche umelala, umekatwa shingoni kama kwa mkasi, chimbua udongo pembeni yake kwa kidole: utamkuta sota amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Mtoe. Ukimwacha, kesho anamalizia mwenzake.

Hatua ya 6: Fito na kamba

Fanya hivi mapema, miche ikiwa na urefu wa kidole. Simika fito za mita mbili kila baada ya hatua moja na nusu, kisha pitisha kamba za katani, ya chini kabisa ikiwa kiganja kimoja kutoka ardhini, nyingine kila baada ya shubiri. Njegere haijizungushi kama maharage ya kupanda. Inashika kwa vikono vyembamba kama nyuzi vinavyotoka kwenye ncha ya jani. Vikono hivyo havishiki mti mnene. Ukiziwekea bomba au mlingoti zitateleza na kulala chini. Zinataka kitu chembamba: kamba, au vijiti vyenye matawi.

Tuta lielekee kaskazini na kusini ili kila upande uonje jua. Mwagilia chini, asubuhi, mara mbili au tatu kwa wiki, zaidi kidogo zikianza maua. Juni hadi Agosti Arusha kuna wingu na ubaridi, watu wanadhani ardhi imelowa. Chokoa kwa kidole uone.

Hatua ya 7: Yatakayokusumbua

Njegere zina maadui wengi kuliko mdalasini, na wote wanakuja kwa pamoja kwenye wiki ya saba. Ubwiriunga ndio mkubwa: madoa meupe kama unga wa sembe juu ya majani ya chini, kisha mmea mzima. Wengi wanaushangaa kwa sababu haunyeshi. Ugonjwa huu hauhitaji mvua. Mchana mkavu na usiku wa baridi wenye umande vinautosha. Acha nafasi hewa ipite, chuma majani ya kwanza yaliyoathirika uyachome, na ukiamua kutumia salfa fuata kibandiko, hasa siku za kusubiri kabla ya kuchuma, kwa sababu hapa ganda lenyewe ndilo chakula.

Vidukari hukaa kwenye ncha changa. Nyunyizia maji kwa nguvu kutoka chini, rudia baada ya siku mbili. Michoro myeupe kama njia za nyoka ndani ya jani ni kazi ya funza wadogo. Toa majani hayo.

Mdalasini wangu kwa miaka yote umesumbuliwa na mbuzi. Mara moja.

Hatua ya 8: Kuchuma njegere

Siku 60 hadi 70 tangu kupanda, utaanza. Ganda liwe limejaa na kuviringana, bado linang'aa, na ukilikunja livunjike kwa mlio. Likiwa bapa bado halijapata sukari. Likipoteza mng'ao na punje zikichora mabonde juu yake, umechelewa. Tumia mikono miwili, mmoja ushike mmea, mwingine uchume, la sivyo utang'oa tawi zima. Chuma kila baada ya siku mbili bila kuruka. Ukiacha maganda yazeeke juu, mmea unajiona umeshazaa, unaacha kutoa maua.

Sukari yake inaanza kugeuka wanga mara tu inapochumwa, ndiyo maana ya kwako itakuwa tamu kuliko ya kununua. Vunja ncha, vuta ule uzi wa mgongoni, kula mbichi. Ukipika, kitunguu na nyanya viive kwanza, kisha zitie dakika tatu, zima jiko. Nimeshuhudia ndugu yangu akizichemsha nusu saa na nazi. Nilikula kwa heshima.

Zikikauka, kata mashina usawa wa ardhi, mizizi ibaki. Acha mimea mitano ikomaze maganda yake mpaka yalie kama manyanga. Hiyo ni mbegu ya mwakani, kwa kuwa njegere hujichavusha yenyewe na aina kama Sugar Snap inarudi kama ilivyokuwa.

Hatua ya 9: Kukata na kuambua mdalasini

Watu wengi wana mdalasini uani na hawajawahi kuonja gome lake, kwa sababu wameuacha uwe mti. Ukiachwa unafika mita 10 na kupita, shina linakuwa nene, na gome lake halifai. Mdalasini wa jikoni ni kichaka unachokikata.

Mwaka wa pili, mvua za masika zikianza, shina likiwa nene kama kidole gumba, kata kwa msumeno sentimita 15 juu ya ardhi. Najua inauma. Mimi nilizunguka na msumeno siku mbili nikarudi ndani. Kata. Rundikia udongo kuzunguka kisiki, na baada ya miezi michache machipukizi yatatoka. Bakiza manne hadi sita yaliyonyooka, mengine ondoa, na kila mara punguza vitawi vya pembeni ili fimbo zipande juu.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, fimbo zina mita mbili na gome limegeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Sasa ngoja mvua. Yale majani mekundu yakishatoka na kurudi kijani, utomvu unatembea chini ya gome na gome linaachia. Jaribu: chanja kidogo kwa kisu, ingiza ncha, inua. Likitoka bila kupasuka, ndiyo siku. Likigoma, funga kisu, rudi wiki ijayo. Kiangazi usijaribu, utatoa vumbi.

Kata fimbo asubuhi, ondoa majani (yakaushe, yanaingia kwenye chai na kwenye pilau). Fanya kazi siku hiyo hiyo. Zilizobaki zifunike na gunia lililolowa. Kwa mgongo wa kisu kwangua ngozi ya juu ya kahawia mpaka uone rangi ya njano iliyofifia. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaruka, sugua fimbo yote kwa kitu laini kizito, mbele na nyuma, kwa nguvu. Mafundi wa Sri Lanka wana kipande cha shaba. Mimi nina mpini wa kijiko cha chuma. Kusugua kunalegeza gome kutoka kwenye mti. Zungushia mkato mmoja, mwingine sentimita 30 chini yake, kisha chanja mistari miwili ya urefu, mmoja kila upande. Pitisha ncha ya kisu chini ya ukingo, taratibu, na gome litatoka kama soksi iliyochanwa, lina unyevu, na harufu itakayokufikia puani hutaipata kwenye kopo lolote la dukani. Mikono itanukia mpaka kesho.

Vipande vyembamba viingize ndani ya vipana, vitandaze kivulini juu ya kamba au wavu. Jua la moja kwa moja siku ya kwanza linavipinda. Vitajikunja vyenyewe, na baada ya siku nne hadi saba vitavunjika kwa mlio mkavu. Weka kwenye chupa. Kichaka kimoja ni kwa ajili ya chai na pilau la nyumbani. Hesabu za biashara mwachie mwenye shamba. Lakini kisiki kitachipua tena, na kinaweza kukuchipulia miaka 30 na zaidi.

Wifi aliamua hivi: mnafu kwanza, njegere Juni, na mdalasini mmoja kwenye kona ya ukuta kwa ajili ya majani. Mwishoni mwa Mei alishuka Moshi akanikuta nimekaa kwenye kigoda naambua. Fimbo zilizomenywa zilikuwa zimelala pembeni, nyeupe, zimenyooka, kila moja mita mbili, na mimi nilishazipangia jikoni.

"Wifi, hizi unafanyia nini?"

"Kuni."

Akazihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Akaomba kamba, akazifunga, na jioni akapanda nazo basi la Arusha, kondakta akilalamika njia nzima kwamba gari linanukia pilau.